Mkishuka Kilindini, Siku Yenu Iachieni Mji wa Kale

Wanandoa wengi wanaomalizia safari ya meli ya kitalii Mombasa huteremka bandari ya Kilindini asubuhi, masanduku mkononi, na ndege au treni yao ni ya usiku. Hapo katikati wana mchana mzima. Nje ya geti watakuta madereva wanaowauzia safari ya siku moja ya mbuga ya Tsavo. Kwa maoni yangu wakatae. Voi, penye lango la mbuga hiyo, iko takriban kilomita 150 kutoka mjini, barabara ni ileile ya malori yanayopanda Nairobi, na lori moja likikatika ekseli huko Mariakani mpango wote umeharibika. Mbuga inataka alfajiri na jioni. Mtu aliyetoka melini saa tatu huingia mbugani jua la utosi, wanyama wamejilaza vichakani. Mji wenyewe, wenye karne nyingi za historia, uko kilomita nne tu kutoka gati.

Masanduku kwanza. Msiyaache kwenye buti la teksi ya mtu mliyekutana naye getini. Hata awe mwaminifu vipi, mtakuwa mmefungwa naye hadi jioni na saa za kungoja mtazilipia. Chukueni chumba cha mchana katika hoteli ya mjini. Gharama yake inarudi pale mnapooga na kubadili nguo kabla ya safari, maana joto la Mombasa, hasa msimu wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, halimwachi mtu mkavu. Mwenye noti za elfu moja za zamani alizobaki nazo tangu safari ya miaka iliyopita aziache: hazitumiki tangu Oktoba 2019. Na mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ile ya duka la melini ibaki melini.

Ngome ya Yesu, Fort Jesus, ianze. Inafunguliwa saa mbili asubuhi, na mkifika mapema mtaitembea kabla mawe ya matumbawe hayajashika moto. Beba kitambulisho au pasipoti, kwa sababu kiingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine. Na malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, mfumo wake wa mtandaoni, basi simu iwe na chaji. Mlangoni mtakutana na waongozaji. Mzuri anastahili kila shilingi, ila ugomvi unaotokea pale karibu kila mara ni uleule: bei ilitajwa, haikusemwa kama ni ya kichwa au ya wote wawili, wala kama inaishia ngomeni au inaendelea hadi mtaani. Ulizeni yote mawili kabla ya hatua ya kwanza.

Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, aliyeipanga kwa umbo la mtu aliyelala, ukiitazama kutoka juu. Wengi huipitia kwa nusu saa, wakapiga picha na mizinga, wakaondoka. Ipeni saa mbili. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kuanzia 1977 viko ndani ya makumbusho. Tazameni kwanza vyombo hivyo, kisha nendeni upande wa bahari mtazame mkondo wa maji pale meli ilipolala. Mkigeuza mpangilio huo, mtaona bahari tu. Kuna pia michoro ya mkaa na udongo mwekundu ya askari wa Kireno: meli, samaki, watu, vilivyochorwa na mikono ya walinzi waliokuwa wakisubiri. Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Kutoka ngomeni shikeni Ndia Kuu kwa miguu. Simameni kwenye mlango mmoja mzuri badala ya kupiga picha ishirini: angalieni mfaa, ile nguzo ya katikati ambapo mbawa mbili hukutania, jinsi nakshi zake zilivyochimbwa ndani kuliko za pembeni. Mabega na magoti yafunikwe, wote wawili. Humo ni makazi ya watu na misikiti iko kila upenyo. Ijumaa kuanzia kama saa sita na nusu vichochoro hujaa waumini, basi huo uwe wakati wenu wa kukaa kivulini. Msipige picha za watu bila ruhusa, wala za bandari na kivuko cha Likoni.

Mchana kuleni biriani au wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha nendeni soko la Marikiti. Viungo nunueni vizima: iliki, mdalasini, pilipili manga. Bizari iliyosagwa huwezi kujua imechanganywa na nini, na zafarani ya bei rahisi si zafarani.

Leso zinataka muda zaidi, nazo ziko Mtaa wa Biashara. Huuzwa pea, vipande viwili vikiwa bado vimeungana. Fungueni yote kaunta, msome jina, yale maneno yaliyoandikwa, mkague kama pindo limenyooka pande zote nne, maana zilizochapwa kombo mji wake, ile sehemu ya ndani ya pindo, hauketi katikati ukijifunga. Mshike kitambaa kwa vidole: pamba hukunjamana na hunyonya jasho, ya poliesta huteleza na itamchosha mvaaji kwa joto hili. Lipeni, kisha mpeni fundi wa cherehani aliye pale barazani aikate na kuipinda ncha. Ni kazi ya dakika chache, na leso isiyopindwa hufumuka ikifuliwa mara mbili tu. Kwa wanandoa sijui kumbukumbu bora ya Mombasa: pea moja, kila mmoja kipande chake.

Sanamu za Pembe za Ndovu za Barabara ya Moi mtazipita garini, inatosha.

Jua likipungua, nendeni ufukweni Mama Ngina chini ya mibuyu, mle muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili na dafu pembeni, huku meli zikipita mkondoni karibu kabisa. Kaeni mkitazama saa. Uwanja wa ndege wa Moi na stesheni ya treni ya Miritini viko bara, ng'ambo ya Makupa, na foleni ya jioni kuelekea Changamwe haina huruma. Wa treni wajue kwamba mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa nje ya stesheni, halafu hupita kwenye mashine, ndipo tiketi na kitambulisho hulinganishwa. Mtu mwenye begi moja hufaulu akifika saa moja kabla. Wenye masanduku ya meli waongeze nusu saa.