Taa ya Njano Imewaka na Kila Mtu Ana Dawa Yake

Hivi ni nani alimwambia Mjapani aweke dashi katikati ya gari? Mi nina Vitz, ile cc 990, pistoni tatu, wenye nazo wanaijua, dashi yake haiko mbele ya dereva, iko pale katikati juu ya redio, kwa hiyo gari tunaiendesha wote tuliomo. Shemeji akiwa siti ya mbele ananisomea spidi, "kaka 62 hiyo, hapa ni 50, kuna tochi mbele", mke wangu nyuma anasoma mafuta, akiona nimetoka sheli na geji imepanda kidogo tu halafu ikatulia, anaguna. Hasemi kitu, anaguna tu, na mimi naongeza sauti ya redio. Na redio yenyewe basi, FM ya Kijapani hii ya kizamani inaanzia 76 inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko huko juu, mpaka ufunge kale kadude ka kushushia masafa, mi sijafunga, kwa hiyo kusema ukweli naongeza sauti ya mikwaruzo.

Halafu kuna yule dada. Ukiwasha gari tu anatoa maneno marefu ya Kijapani kwa adabu zote. Mama mkwe alivyopanda mara ya kwanza akaitikia "marahaba", na tangu siku hiyo kila nikiwasha anaitikia marahaba, mi sina moyo wa kumwambia kwamba yule dada hamuamkii mtu, analalamika kadi ya kulipia barabara kuu za kwao haijachomekwa. Gari imepanda meli, imeshuka bandarini, imekula vumbi la Mbezi miaka yote hii, dada bado anadai kadi.

Ila hayo madogo. Shughuli iko kwenye taa.

Ukizungusha swichi kabla hujapiga stata, taa zote zinawaka kwa mpigo, ya injini, ya oili, ya betri, ya eabegi, ya ABS, ukishapiga stata zinazima moja baada ya nyingine. Watu wanadhani ni mapambo. Pale gari inaita majina, kila taa inasema nipo, ili siku ikibaki inawaka ujue inamaanisha. Sasa nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kuangalia gari ya mtu, muuzaji kazungusha swichi kwa mbwembwe, "boss angalia mwenyewe, dashi haina hata taa moja". Ndo tatizo lenyewe hilo kaka, hata zile za kuwaka hazijawaka! Mtu kachomoa vibalbu, ya injini na ya eabegi zote kimya, na anaviuza hivyo vilivyokosekana kwamba ni usafi wa gari. Tuliondoka, katuita wasumbufu.

Na rangi wala si siri. Nyekundu simama, njano ina jambo kacheki mapema, kijani na bluu anakupa taarifa tu. Mtoto wa chekechea anazijua, ila mtu mzima mwenye leseni ya daraja D nyekundu imemuwakia usoni anakwambia "tujitahidi tufike tu nyumbani". Ile nyekundu ya birika la oili inawaka kwa sababu presha ya oili imeshuka, maana yake vyuma vinasagana vikavu muda huohuo unaojitahidi, yaani utafika ukivutwa na breakdown, injini ukaagize nyingine.

Basi bwana, juzi kwangu ikawaka ya njano, ile ya umbo la injini ambayo shemeji anasema ni helikopta. Kufumba na kufumbua kila aliyekuwa ndani ni fundi. Shemeji: "chomoa terminali ya betri dakika kumi, inazima". Na ni kweli inazima, inazima kwa sababu kompyuta ya gari imesahau kosa, kosa lenyewe halijaenda popote, ukitembea kidogo inakumbuka inawasha tena, na hapo umeshapoteza saa na stesheni zote za redio, ambazo kwa kweli sikuwa nazo. Jirani yangu: "hiyo haina shida bana, yangu inawaka tangu naiagiza". Na kweli inawaka, na inakunywa wese, na asubuhi akiipasha sisi wa upande unakoelekea upepo tunafunga madirisha. Kuna rewaya mmoja, fundi umeme wa magari, pale stendi yeye hana maneno mengi, "elfu tano nakutolea hiyo taa". Taa! Sio kinachoiwasha, taa. Hapa kwetu taa ikiwaka mgonjwa ni taa.

Nikaenda gereji, gereji zetu hizi za chini ya mwembe. Fundi hakuuliza chochote, hajauliza gari inatetemeka, inakosa nguvu, imeanza lini, katandika boksi chini, kaingia kwa mgongo, kachukua spana namba 14 akagonga bomba la ekzosi, ngo ngo ngo, kasikiliza, kagonga tena. Akatoka anatabasamu, vumbi limejaa kope.

"Boss, hii bado ina masega yake."

Aliitamka hiyo masega kwa mahaba ambayo sijawahi kuyasikia gereji.

"Sasa masega na taa vinahusianaje fundi?"

"Yameziba hayo. Tuyatoe, gari iwe nyepesi, itavuta hiyo. Na wewe nakutoa na kitu kidogo, nina mtu ananunua."

Hajapima! Hana mashine, hajafungua boneti, tayari tumeshafika kwenye biashara.

Kwa asiyeyajua masega, ni lile bonge lililo kwenye njia ya ekzosi, ndani kuna kauri yenye vitundu vidogovidogo chungu nzima, ndo jina likatoka hapo, na vile vitundu vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Sasa unaelewa kwa nini mtu wake ananunua, yule hanunui chuma chakavu. Moshi wa injini unaingia pale una kaboni monoksaidi, una petroli ambayo haijaungua vizuri, una gesi za naitrojeni za kuwasha koo, unakutana na yale madini yakiwa ya moto, ukitoka upande wa pili sehemu kubwa imegeuka kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke na naitrojeni hii hii ya hewani. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake, ile ya pili kazi yake ni umbea, inachungulia kama masega yanafanya kazi halafu inapeleka ripoti kwa kompyuta. Ukiyatoa, inakuta moshi wa kuingia na wa kutoka ni uleule, inashtaki, kompyuta inaandika kosa P0420 na taa inawaka. Kwa hiyo fundi anataka kuzima taa kwa kutoa kitu ambacho kikikosekana taa inawaka. Hebu rudia kusoma hapo, mi mwenyewe nilimwomba arudie.

"Hilo lina dawa boss. Ile sensa ya pili tunaiwekea kibomba, inakaa mbali na moshi, haioni vizuri."

Yaani nilipe kuyatoa, halafu nilipe tena kuipofua sensa isione kwamba nimeyatoa.

Nikakataa, nikamwambia leta mashine tupime. Mashine haipo, iko kwa jamaa yake, ije na bodaboda, bodaboda nilipe mimi. Ikaja, ikachomekwa pale chini ya usukani, haikumaliza hata dakika: silinda namba moja inakosa moto. Koili, kile kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Kakoili! Injini ya pistoni tatu ukiondoa moja zimebaki mbili, ndo maana ikiwa sailensi, yaani inanguruma imesimama, ilikuwa inanitingisha mpaka meno. Na kinachoniuma zaidi, silinda ikikosa moto ile petroli yake mbichi inaenda kuungulia kwenye masega, yanapata moto kupita kiasi mpaka yanaweza kuyeyuka ndani, na ndo sababu taa ya injini ikiacha kuwaka kawaida ikaanza kupepesa unatakiwa uondoe mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Kwa hiyo masega yalikuwa yanaumizwa na koili, na fundi kaja kamkamata asiye na kosa.

"Moshi tu huo boss, unaenda zake hewani." Hewani ipi? Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, na wakishakata ekzosi na kuchomelea kiholela inavuja chini ya sakafu ya gari, halafu kuna mtu anafunga vioo, anawasha AC, analaza siti pale nje ya ukumbi akisubiri harusi iishe. Au anaipasha gari ndani ya banda lililofungwa, ukuta mmoja na chumba cha watoto. Huyo hatakohoa hata, anasinzia tu. Na hata masega yakiwa mazima yanapata joto la mamia ya nyuzi, ukipaki kwenye majani makavu kiangazi unaweza kuwasha moto wa shamba la watu, mi nikienda kijijini natafuta penye udongo mtupu wananiona najidai.

Kinachochekesha ni kwamba kule Japani gari ndogo ya binafsi ikifika miaka 3 inapelekwa kukaguliwa, halafu kila baada ya miaka 2, na moshi unapimwa, gharama zinakuwa kubwa, wengine wanaona bora wauze, ndo sisi tunapata. Kwa hiyo gari inavuka bahari na masega yake, imefaulu mitihani yote, inakuja kufelia chini ya mwembe.

Nimelipa koili naondoka, fundi kainama tena kwenye boneti.

"Themostati ipo?"

"Ipo."

"Itoe boss, hii nchi ya joto."

Jamani. Themostati kwenye Toyota nyingi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo inazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka, ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake, sensa inaripoti baridi, kompyuta inazidi kumwaga petroli. Vitz yangu haina mshale wa joto, ina taa ya bluu injini ikiwa ya baridi, na nyekundu ikichemsha. Jirani yangu alitoa themostati, ile bluu yake inakaa wee mpaka tunasahau, na anajisifu nayo, anadhani ni ya AC.

Halafu haohao ndo unawakuta mlima Kitonga wakati wa kwenda Iringa, gari imechemsha, mtu kazungushia shati mkononi anafungua mfuniko wa rejeta. Maji yale yako kwenye presha, yamevuka nyuzi 100 na hayajachemka kwa sababu mfuniko umeyabana, ukiufungua tu yanachemka papo hapo na yanakurukia usoni. Mi ile taa nyekundu ikinishtua pale napunguza mwendo, nazima AC, nawasha hita mpaka mwisho ili itoe joto la injini, natafuta pa kuegesha, nazima, nasubiri ipoe yenyewe. Inafanya kazi, ila siku niliyowasha hita mchana kweupe na familia nzima ndani, mke wangu hakuguna, aliongea, na yaliyosemwa pale Kitonga nayaacha palepale Kitonga. Kushuka nako usiniambie habari ya kuweka frii kuokoa mafuta, weka gia ndogo injini ikushike, breki zikichemka pale hakuna wa kumlaumu.

Upepo wa matairi ndo usiseme. Mlangoni kwa dereva kuna stika imeandikwa 220, ni kilopaskali, sawa na PSI 32 hivi, kijana wa upepo hajawahi kuiangalia hata siku moja, yeye ni 40 kila gari, "iwe ngumu boss". Ngumu kwa nani, mgongo wangu?

Sasa wiki iliyopita shemeji kaazima gari aende msibani Morogoro. Nikamkalisha chini, nikamwelezea kwa utulivu, njano nipigie, nyekundu simama zima injini kisha nipigie, akawa anaitikia "sawa kaka, sawa kaka", anachezea simu. Mchana simu ikaita, yuko Chalinze.

"Kaka, kuna taa imewaka."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Ya birika."

"Umezima injini?"

"Nimezima kaka, nimepaki pembeni kabisa, kama ulivyosema."

Nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillah, kumbe anasikilizaga.

"Na wala usihangaike kumtafuta fundi," akaendelea, "nimeshampigia yule wako wa chini ya mwembe. Kasema nisisogee hapa, yuko njiani anakuja na grenda."