Mzee na Bibi Mdogo

Nina miaka 14 na sauti mbili, na hata moja hainitii.

Juzi mama alinituma dukani. Nikasimama nje nikatoa salamu, "Asalaam aleikum," ikatoka nzito kama ya nahodha wa jahazi. Nikaongeza, "Naomba sukari nusu kilo," hiyo ikapaa kama filimbi. Mwenye duka alikuwa amenipa kisogo, anapanga viberiti. Akaitika bila kugeuka: "Waalaikumu salaam mzee wangu, karibu. Na wewe bibi mdogo, ngoja kidogo, nimuuzie mzee kwanza." Nikatazama nyuma kumtafuta huyo mzee. Nilikuwa peke yangu.

Wenzangu wa Mombasa wana raha. Kule sauti ikikukwama koo, matatu inapiga honi, yamekwisha, hakuna aliyesikia. Hapa Lamu mjini usafiri ni miguu na punda. Vichochoro vyenyewe vyembamba, punda akipita na mzigo wa matofali wewe unajibana ukutani kama mjusi. Sauti ikikuvunjikia humo inagonga ukuta huu, inarudi ule, inapita kila baraza. Ukikwaruza mtaa wa Langoni, mtaa wa Mkomani washajua. Kisha mzee mmoja anaweka chini kikombe cha kahawa, anauliza, "Mtoto wa nani huyo aliyebaleghe?" Hadharani! Na wenzake wanamjibu, mpaka jina la babu.

Mwalimu wa sayansi alitueleza kwamba kongomeo linakua na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, ndiyo maana sauti inashuka. Sawa, nimekubali. Lakini ikishuka si itulie huko chini? Yangu inashuka asubuhi, adhuhuri imepanda tena, kama maji kujaa na kupwa, ila maji angalau wavuvi wanajua saa zake.

UNESCO waliutia mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hapa huwezi kubomoa ukuta wa kale kwa kujiamulia, sharti uombe ruhusa. Kitu pekee kinachojengwa mjini bila kibali ni mimi. Pua imeongezwa. Miguu imeongezwa. Usoni wamemwaga kokoto, na shangazi kila jioni ananipaka liwa, nakaa ukumbini na uso wa manjano kama biharusi, ndipo wageni wote wa mwezi mzima wanapokumbuka kuja kutusalimu.

Kanzu niliyoshonewa Idd ilikuwa inanifika kwenye kifundo cha mguu. Sasa imekwea hadi katikati ya muundi. Ijumaa, natoka msikitini, mzee mmoja akanishika mkono, macho yamemlenga machozi: "Mashallah, vijana wengine kanzu zinafagia njia, huyu ameshika suna." Ningemwambia nini? Nikainamisha kichwa, nikapokea dua zake zote. Mama naye kasikia habari hiyo, kafurahi, kasema basi hakuna haja ya kanzu mpya.

Sharubu zipo. Ni nywele nne. Kaka yangu anadai tatu, eti moja ni masizi.

Lakini haya yote si kitu mbele ya kaswida. Tangu nina miaka 8 Maalim ananiweka mstari wa mbele, mimi ndiye mwenye sauti ya kinanda. Wiki iliyopita tukaanza mazoezi ya Maulidi. Matwari yakalia, nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikaipandia ile sehemu ya juu kabisa. Kilichotoka sitakieleza. Ninachojua ni kwamba nje, chini ya dirisha, punda wa jirani alinyanyua kichwa akaniitikia, kwa moyo wote, hakuacha hata ubeti.

Twari zikanyamaza moja moja. Maalim akafunga kitabu taratibu.

"Mmoja kati ya hawa wawili," akasema, "atoke nje."

Na punda alikuwa nje tayari.