Sanduku ni la Mwajiri, Barua ni ya Nani?

Kabla ya simu za mkononi kuenea, Watanzania wengi walipokea barua zao kupitia sanduku la posta la kazini. Tarishi alirudi kutoka posta na bahasha zake, karani akazipanga, na ile yenye jina la mtu ikapelekwa mezani kwake ikiwa bado imefungwa, ingawa sanduku lililipiwa na ofisi. (Katika baadhi ya shule za bweni mambo yalikuwa mengine: mwalimu alifungua kwanza, na hapakuwa na wa kuuliza.) Barua pepe ya kazini imeyachanganya mazoea hayo mawili, kiasi kwamba mfanyakazi hajui anahesabiwa kuwa mtu mzima au mwanafunzi wa bweni.

Hoja za mwajiri anayekataza matumizi binafsi ya barua pepe hiyo, au anayetaka kuisoma, si nyepesi. Yeye ndiye anayelipia seva, na jina linalofuata alama ya @ ni lake, kwa hiyo tusi au ahadi ya uongo inayotumwa kwa anwani hiyo humrudia yeye. Tena matapeli wa siku hizi hawavunji mlango. Hutuma ankara inayofanana na ya mzabuni halisi, iliyobadilishwa namba ya akaunti tu, na mfanyakazi aliyeisambaza anwani ya ofisi kwenye tovuti za mnada na bahati nasibu huwa amewarahisishia kazi.

Hata hivyo, anayekaa ofisini kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni hufanya hivyo katika saa zile zile ambazo benki, shule ya mtoto na hospitali ziko wazi, na printa iliyo karibu naye ni ya ofisi, ndiyo maana huishia kutumia anwani ya kazini kwa mambo yake binafsi. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, mhasibu aliacha kazi na anwani yake akakabidhiwa aliyemrithi, bila kufutwa chochote. Haikupita wiki mbili, yakaingia majibu ya vipimo vya maabara vya yule mhasibu. Mrithi wake aliyafungua akidhani ni ankara, na aliposhtuka alikuwa amekwisha kuyasoma. Hakuna aliyevunja kanuni, kwa kuwa kanuni yenyewe haikuwapo.

Kesi inayotajwa sana katika jambo hili ilitoka Romania. Bogdan Bărbulescu, mhandisi aliyesimamia mauzo, alifungua akaunti ya Yahoo Messenger, huduma ya kutumiana ujumbe mtandaoni, kwa agizo la mwajiri ili awajibu wateja. Julai 2007 mwajiri alifuatilia mawasiliano hayo kwa siku kadhaa, kisha akamhoji. Bărbulescu alijibu kwa maandishi kwamba aliitumia kwa kazi tu, ndipo akawekewa mbele kurasa 45 za mazungumzo, yakiwamo yale aliyozungumza na kaka yake na mchumba wake. Alifukuzwa kazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi mwajiri, lakini tarehe 5 Septemba 2017 jopo kuu la mahakama hiyo liliugeuza uamuzi huo kwa kura 11 dhidi ya 6.

Ni rahisi kumhurumia mwajiri hapa, maana kanuni za kampuni zilikataza matumizi binafsi na mtu wake alimdanganya. Lakini mahakama haikusema kwamba kufuatilia ni haramu. Iliuliza kama mfanyakazi alijulishwa mapema kwamba yaliyomo yangesomwa, kama palikuwa na sababu ya msingi, na kama njia isiyoingilia sana ingetosha. Kukataza ni jambo moja, kusoma ni jambo jingine.

Marekani iliwahi kushika njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1996, katika kesi dhidi ya kampuni ya Pillsbury, mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania iliamua kwamba mfanyakazi hakuwa na faragha ya kutegemea katika barua pepe ya kampuni, japo alidai kwamba kampuni iliwaahidi wafanyakazi usiri.

Kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinataka mhusika ajulishwe madhumuni ya kukusanywa kwa taarifa zake. Waajiri wengi hudhani wamelimaliza hilo kwa aya moja ndani ya mkataba, inayotiwa saini siku ya kwanza pamoja na fomu za benki na bima. Binafsi naona ridhaa ya mtu aliyehangaika miaka miwili kutafuta kazi haina uzito mkubwa. Kumbukumbu za nani ametuma lini, na kiambatisho cha ukubwa gani, hutosha kwa ulinzi wa kawaida. Kusoma yaliyomo kusubiri tuhuma mahususi na saini ya mtu wa pili, asiwe yule kijana wa TEHAMA peke yake. Kampuni ndogo italalamika kwamba haina mtu wa pili, na ni kweli, ila haikosi mkurugenzi.

Kwa yule mhasibu, hata hayo yasingehitajika. Angepewa siku moja ya kuhamisha mambo yake, kisha anwani ikafungwa na kuachiwa jibu la moja kwa moja linalowaelekeza wateja kwa mrithi wake.