Historia ya maktaba: hao "makarani" mnawaonea

Siku hizi ukisema unaandika historia ya maktaba, swali la kwanza ni wasomaji wenyewe wamo wapi. Wayne Wiegand, mwanahistoria wa maktaba wa Marekani, ndo kaisukuma sana hii, kwamba tusimwangalie msomaji kama sehemu ya maisha ya maktaba, tuiangalie maktaba kama sehemu ya maisha ya msomaji. Na kwetu Tanga hoja inaingia kabisa. Ukifuata majengo tu utaanza na ile maktaba ya King George VI ya miaka ya 1950, kana kwamba vitabu ndo vilifika siku hiyo, wakati mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alishatunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, zamani sana, kwa herufi za Kiarabu. Pengo hilo lipo, sibishi.

Ila imekuwa fasheni kuwacheka wanaoandika mambo ya sheria, bodi na bajeti, eti historia ya makarani. Hapo nakataa. Chukua Andrew Carnegie, tajiri wa Marekani aliyetoa pesa za kujenga maktaba, kila mtu anaimba majengo yake 2,509, Marekani peke yake 1,679. Namba tamu! Lakini huyo huyo mwanahistoria mnayemwita "karani" ndo anakwambia kwamba mji ulitakiwa kutoa kiwanja halafu kuahidi kila mwaka asilimia 10 ya pesa aliyotoa tajiri, yaani umepewa dola 10,000 basi kila mwaka utafute 1,000 kwenye kodi, ndo hizo zinamlipa mkutubi, zinanunua vitabu, zinawasha taa. Kuna miji ilikataa msaada. Sasa piga hesabu mwenyewe, baada ya miaka 10 walipa kodi wameshamfikia Carnegie, na wao bado wanaendelea kulipa, yeye alishamaliza, na bado sifa zote zake. Hilo hulipati kwa kumuuliza msomaji riwaya gani ilimliza.

Kwetu pia, sheria ya 1963 ndo iliyounda bodi ya huduma za maktaba Tanganyika, Maktaba Kuu ya Dar ikafunguliwa 1967, lakini nani aliamua mikoani viende vitabu gani, kwa fungu lipi, hayo yako kwenye mafaili ambayo hakuna anayetaka kuyafungua kwa sababu yanachosha.

Na hiyo miswada ya pwani, maandishi ya kale ya mkono tunayojivunia, tunajua nini kipo Chuo Kikuu Dar kwa sababu mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen alikaa akaiorodhesha, katalogi ikachapwa 1970. Kazi ya kikarani hiyo, tena ya kuchosha kweli kweli.