Baiskeli, Korona na Barabara ya Iringa

Watanzania wa hapa Leicester tunapokutana, iwe kwenye msiba au kwenye harusi, mazungumzo ya nyumbani hayachelewi kufika barabarani, na yakishafika huko hakosi mtu wa kusema kwamba madereva wa Uingereza ni wastaarabu na wa kwetu ni wakorofi. Mimi niliacha kuikubali kauli hiyo mwaka 2020. Nimekulia Kikuyu, mjini Dodoma, nikipakiwa kwenye keria ya baiskeli ya baba, na hapa ninaendesha baiskeli kwenda kazini mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Niliyoyaona wakati wa amri ya kukaa ndani kwa sababu ya korona yalinishawishi kwamba dereva, awe Mwingereza au Mgogo, huendesha kwa kadiri barabara inavyomwachia nafasi, na kwamba kumsifu au kumlaumu kwa kabila lake ni kulikimbia swali lenyewe. Nayaandika haya kwa sababu Dodoma inajenga barabara kwa wingi ambao wazazi wetu hawakuuota, na baba yangu bado anapanda baiskeli.

Waziri Mkuu Boris Johnson alitangaza amri hiyo jioni ya tarehe 23 Machi 2020. Watu waliruhusiwa kutoka kununua mahitaji ya lazima, kutibiwa, kwenda kwenye kazi zisizoweza kufanyika nyumbani, na kufanya mazoezi mara moja kwa siku, kwa kutembea, kukimbia au kuendesha baiskeli. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na wazee hawawezi kuachwa kitandani kwa sababu kuna ugonjwa, kwa hiyo zamu zangu ziliendelea kama kawaida. Mabasi yalipunguzwa na mengine yakawa yanabeba watu wachache sana. Nilikuwa na baiskeli ya mtumba niliyoinunua kwa pauni 60 mwaka uliotangulia, nikaamua kuitegemea hiyo.

Wiki za mwanzo sitazisahau. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri, na katika barabara ambayo kwa kawaida huwezi kusikia sauti yako mwenyewe, nikawa nasikia cheni ikizunguka, ndege wakilia juu ya mapaa, na taa za barabarani zikibadilika rangi bila kuwa na gari la kuamrisha. Magazeti yaliandika kwamba magari barabarani yalikuwa yamepungua hadi kufikia kiwango cha mwaka 1955. Maduka ya baiskeli yalikuwa miongoni mwa yale machache yaliyoruhusiwa kubaki wazi, na haikuchukua muda baiskeli zikawa adimu madukani. Mchana ungewaona baba, mama na watoto wameongozana katikati ya barabara, wengine wakiyumba kama watu wanaojifunza, na asubuhi moja bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, akiwa juu ya baiskeli yenye kikapu mbele, alipunguza mwendo akanipungia mkono na kunisabahi. Katika miaka yangu yote hapa hakuna mpanda baiskeli aliyewahi kunisalimu. Kwetu, ukipishana na mtu kwenye njia ya Mpunguzi, hupiti bila kusema "Mbukwenyi" na kusubiri jibu, na asubuhi ile nilihisi kama nimerudi.

Hali hiyo haikudumu hata mwezi. Waliokuwa bado wana sababu ya kuendesha magari waligundua kwamba barabara ni nyeupe, wakaanza kukanyaga mafuta. Polisi wa London walitangaza kumnasa dereva akienda maili 134 kwa saa kwenye barabara yenye ukomo wa maili 40. Mimi mwenyewe, siku moja nikiwa Welford Road narudi kutoka zamu ya usiku, gari lilinipita kwa karibu kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kilikwaruza mkono wa koti langu. Barabara nzima ilikuwa tupu na dereva yule angeweza kuniachia hata mita tatu asipoteze chochote, ila nadhani kwa mwendo ule hakutegemea kumkuta mtu. Nilishuka, nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na nilipotazama koti niliona mstari mweusi wa vumbi kuanzia kiwiko hadi begani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Takwimu za serikali za mwaka ule zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu kila mtu huchukua ile inayomfaa. Jumla ya vifo vya barabarani katika Uingereza, Scotland na Wales ilishuka kutoka 1,752 mwaka 2019 hadi 1,460 mwaka 2020, jambo linaloeleweka, maana safari za magari zilipungua kwa takriban moja ya tano. Lakini wapanda baiskeli waliokufa waliongezeka kutoka 100 hadi 141. Ni haki pia kusema kwamba umbali ulioendeshwa kwa baiskeli uliongezeka kwa karibu asilimia 46, kwa hiyo huwezi kusema kwamba kila maili moja ilikuwa ya hatari zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Kinachonisumbua ni kwamba magari yalipungua kiasi kile na bado maili yetu moja haikupata unafuu wa kulingana na upungufu huo. Barabara ilipunguza magari, na magari yaliyobaki yakaongeza mwendo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msongamano ndio uliokuwa breki. Wale madereva tuliowasifu kwa upole kabla ya korona walikuwa wamezuiwa na gari la mbele, na taa nyekundu, na basi lililosimama kituoni. Vilipoondoka vizuizi hivyo, watu wale wale, wenye leseni zile zile na mafunzo yale yale, walikimbia kama walivyokimbia madereva wa mabasi ya mikoani tuliowalalamikia siku zote.

Kilichowarudisha kwenye mstari kilikuwa kitu kidogo sana. Leicester ulikuwa mmoja wa miji ya kwanza nchini humu kuweka njia ya muda ya baiskeli kwa ajili ya watu wa kazi za lazima, katika Aylestone Road karibu na hospitali kuu, na mwanzoni ilikuwa kipande cha kama nusu kilomita tu, kilichotengwa kwa vigingi vya plastiki. Mwezi Mei serikali kuu ikatenga pauni milioni 250 kwa ajili ya njia za namna hiyo nchi nzima. Siku ya kwanza nilipopita ndani ya vigingi vile nilijikuta nimelegeza mabega ambayo sikujua kwamba nilikuwa nimeyakaza kwa miaka mingi. Magari yalipita kulia kwangu yakiwa yametulia, kwa sababu njia yao ilikuwa imebana na hakuna dereva anayetaka kukwaruza gari lake kwenye kigingi. Baadaye, tarehe 29 Januari 2022, kanuni za barabarani zilibadilishwa, zikamwelekeza dereva amwachie mpanda baiskeli angalau mita moja na nusu anapompita kwa mwendo usiozidi maili 30, na zaidi ya hapo anapokwenda kasi. Naishukuru kanuni hiyo, lakini katika maisha yangu ya kila siku vigingi vimenilinda kuliko maandishi. Si kila mahali palipovumilia. Huko London, njia ya muda ya Kensington High Street iliondolewa Desemba 2020 baada ya wiki kama saba, kufuatia malalamiko kwamba inasababisha foleni.

Nyumbani Tanzania hatukufungiwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa kuanzia siku iliyofuata, vyuo vikafuata, lakini Rais Magufuli alikataa kuwazuia wananchi majumbani, akisema kazi ziendelee. Wa Dar es Salaam waliniambia habari za daladala za "level siti", yaani za abiria walioketi tu, bila wa kusimama. Dodoma barabara hazikuwa tupu kama za kwetu hapa, isipokuwa zile zilizoishi kwa wanafunzi. Mdogo wangu alikuwa anaendesha bodaboda akiegesha karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, na nakumbuka simu yetu ya mwezi Aprili.

"Shikamoo dada. Huku wanafunzi wameondoka wote, barabara ya chuo nyeupe kabisa."

"Marahaba. Sasa unapata abiria?"

"Wachache mno. Nikimpata mmoja natembea spidi mpaka mwenyewe naogopa, kwa sababu mbele hakuna kitu."

Nilinyamaza kidogo. Alikuwa ameeleza Welford Road bila kuijua.

Kwa baba yangu, jambo hili halikusubiri korona. Ana shamba la zabibu Mpunguzi, naye hulifuata kwa baiskeli yake ya Phoenix kwa barabara ya Iringa mara mbili kwa wiki, na msimu wa mavuno hurudi na debe keriani na jingine dogo limening'inia kwenye usukani. Tulipokuwa wadogo sehemu kubwa ya barabara ile ilikuwa ya vumbi na makorongo, na lori lililotoka Iringa lilifika likitambaa. Adui mkubwa wa baba wakati huo alikuwa mbigiri. Ilikuwa kawaida yake kusimama chini ya mbuyu, kuipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, kubandua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, kisha kuizamisha tyubu kwenye maji kidogo ya dumu aliyoyamimina kwenye sufuria, akisubiri mapovu yamwonyeshe tundu. Alipaka solusheni, akaipuliza mpaka ikakauka nusu, akabandika kiraka na kukipigapiga kwa jiwe. Magari mawili matatu yalipita tukiwa pale, na kila dereva alipunguza mwendo, wengine wakauliza kama tuna shida.

Barabara ile ilipokamilika kuwekwa lami katika muongo uliopita, sote tulifurahi, na sitaki mtu aseme kwamba naitamani ile ya vumbi. Zabibu zinafika mjini hazijapondeka na wagonjwa wanafika hospitali wakiwa hai. Lakini lami ilikuja na ukingo ulioachana na bega la changarawe kwa kimo cha kiganja, na mpanda baiskeli akiisikia honi nyuma yake inambidi auruke ukingo huo, debe zima la zabibu likiwa nyuma. Basi linalokuja mbele likitaka kulipita lori, dereva huwasha taa kumwambia baba ashuke barabarani, naye hushuka. Tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo, na faini ya shilingi 30,000 ipo, ila sote tunajua jinsi madereva wanavyopeana ishara kwa taa, wakapunguza mwendo kwa kilomita moja, kisha wakaurudisha. Ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi unaheshimiwa mahali penye tuta. Tuta ndiyo vigingi vyetu vya Aylestone Road.

Ndiyo maana nawaomba wanaopanga na wanaosimamia barabara za Dodoma, na hata wale wanaokaa vijiweni na kusema baiskeli ni ya maskini, watazame jambo hili sasa wakati ardhi bado ipo. Mji huu umepewa hadhi ya jiji tangu mwaka 2018, serikali imehamia, na kati ya mjini na Mji wa Serikali wa Mtumba kuna takriban kilomita 17 za ardhi ya tambarare ambayo mpanda baiskeli yeyote wa Ulaya angeionea wivu. Waingereza wananyofoa nafasi ya baiskeli kutoka kwenye mitaa iliyojengwa zamani, kwa ugomvi na majirani, kwa kura na kesi. Sisi tunachora kwenye karatasi nyeupe. Na tukichora, upana wa njia ya baiskeli usipimwe kwa kijana mwembamba mwenye kofia ya plastiki kama wanavyopima huku. Upimwe kwa mtu wa Chihanga aliyefunga magunia mawili ya mkaa, au kwa mama mwenye madumu manne ya maji, kwa maana kwetu baiskeli ni gari la mizigo, na mita moja na nusu inayonitosha mimi hapa huliwa yote na gunia lililotokeza pembeni.

Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3 na njia nne, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2022, inaikata barabara ya Iringa maeneo ya Matumbulu. Malori ya kwenda Singida na Morogoro yatapita pale bila kuingia mjini, jambo jema kwa watu wa mjini. Baba atalazimika kuvuka pale kwenda Mpunguzi na kuvuka tena kurudi, sasa akiwa na miaka 67, na debe nyuma. Wiki iliyopita nilimuuliza kwenye simu kama ameona mahali palipowekwa kwa ajili ya baiskeli kuvuka. Aliniambia amemuuliza kijana mmoja aliyekuwa anapima pale kwa chombo chenye miguu mitatu, na kijana akamjibu kwa heshima kwamba yeye hupima usawa wa ardhi tu, swali hilo aliulize ofisini. Nikifika Desemba tutakwenda wote wawili, mimi na yeye, tukaulize.