Kumkubali mwenzako wa kazi LinkedIn si kumdhamini

Hoteli za Malindi na Watamu zikianza kupunguza watu kuelekea masika, akaunti yangu ya LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, hujaa mialiko ya kuunganishwa. Wapishi, wahudumu, vijana wa mapokezi, madereva wanaopeleka wageni Tsavo Mashariki, kila mmoja anatafuta pa kujishikiza mpaka watalii warudi. Mimi niko Hamburg, Ujerumani, kwenye ofisi ya kusafirisha makontena, ila kazi nilijifunzia stoo na mapokezi ya hoteli za kwetu, na wengi wanaonialika tumekula chakula cha wafanyakazi meza moja. Karibu wote nawakubali. Wenzangu wa hapa wanashangaa nawezaje kuwa wazi hivyo. Jamaa wa nyumbani nao wananung'unika kwamba nikishawakubali siwasogezi mbele. Kwangu mimi pande zote mbili zinakosea, na kosa la kwetu ndilo linaloniuma zaidi, maana ndilo linalowagharimu vijana wetu kazi.

Hapa Hamburg unaweza kukaa chumba kimoja cha ofisi na mtu miaka, mkaazimana chaja na kujuliana hali ya watoto, na asikualike kamwe. Mmoja aliniambia wazi, bila kinyongo chochote, kwamba tutaunganishwa siku mmoja wetu atakapohama. Wala si ushamba wa mitandao. Xing, mtandao wa kazi wa Wajerumani, ulizaliwa mji huuhuu mwaka 2003, mwaka uleule LinkedIn ilipofunguliwa Marekani. Ni tahadhari tu. Mkiwa bado kazini, mwenzako anaona cheti kipya ulichoongeza, anaona umepongeza tangazo la kampuni pinzani, anaona umeunganishwa ghafla na maajenti wa ajira. Kufika mchana ofisi nzima inanong'ona kwamba fulani anaondoka.

Tahadhari hiyo wanaimudu kwa sababu wana karatasi. Sheria ya biashara ya Ujerumani, kifungu cha 109, inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya kudai barua inayoeleza kazi aliyofanya, jinsi alivyoifanya na mwenendo wake, na mahakama zao zimesisitiza kwamba barua hiyo iwe ya kweli na isimzibie mtu riziki. Mjerumani anaweza kuondoka bila kusemezana na yeyote, na bado akatoka na barua inayomsemea.

Sasa linganisha na kwetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri akupe cheti cha utumishi: jina lake, jina lako, siku uliyoanza, siku uliyoacha, kazi uliyofanya. Basi. Kifungu hichohicho kinasema halazimiki kusema lolote juu ya tabia wala utendaji wako. Kijana aliyehudumia meza kwa msimu mzima, akawatuliza wageni waliopotelewa na mizigo, akajifunza Kiitaliano kwa kusikiliza tu, anaondoka na karatasi isiyomtofautisha na aliyekuwa akilala zamu ya usiku. Anayeweza kusema tofauti yao ni waliosimama naye jikoni na kaunta. Kwa hiyo kwa mtu wa Malindi, wenzake wa zamani ndio barua yake, na kuwapoteza ni hasara ambayo Mjerumani haijui.

Ndiyo maana siwezi kumfuata mwenzangu wa Hamburg katika kufunga mlango. Na utafiti uko upande wangu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi walipata habari za kazi kwa wale wanaojuana nao kwa mbali. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20, na matokeo yakaenda njia hiyohiyo: mnayejuana naye kiasi ndiye anayekusaidia kuhama kazi kuliko mwandani wako. Ni jambo la kueleweka. Rafiki yako wa damu wa Maweni anazijua nafasi zilezile unazozijua wewe. Yule mhasibu mliyekuwa mkipishana tu kwenye ngazi, ambaye sasa yuko Diani au Doha, ndiye mwenye habari mpya. Mkubali.

Lakini hapo ndipo tunapoharibu. Kwetu ukishaukubali mwaliko, inahesabika umekula deni. Kabla jioni haijaingia, ujumbe umefika: "Shikamoo dada, niombee kazi huko kwenu." Namjibu marahaba, na namuuliza alifanya nini, wapi, chini ya nani. Akinijibu vizuri, na kama nilimwona kwa macho yangu akifanya kazi, nampeleka kwa ninayemjua na nasema nilichokiona, hakizidi hapo. Kama sikumwona, namwambia hivyo: mdogo wangu, tulikuwa hoteli moja lakini sikuwahi kuwa zamu nawe, mtafute aliyekuwa supavaiza wako. Wengine wananuna. Nawaelewa, maana anayeuliza ana kodi ya nyumba na watoto wa kupeleka shule. Hata hivyo, nikimpeleka kila mtu, neno langu halitakuwa na uzito siku ya kumsemea anayestahili, na wa kwanza kuumia ni yeye.

Nataka niseme jambo moja la jinsi ya kumsemea mtu, kwa sababu hapa tunapoteza nafasi bure. Kurasa za watu wetu zimejaa sifa kama "mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii". Sifa hizo kila mtu anazo, hazimwajirishi yeyote. Zamani mtunza stoo mmoja aliniandikia mistari miwili kwenye wasifu wangu: kwamba kila Jumamosi usiku, baa ikifungwa, nilihesabu vinywaji chupa kwa chupa na kulinganisha na risiti, na kwamba tofauti ilipotokea niliandika siku hiyohiyo bila kumficha mtu. Kwenye usaili hapa Hamburg waliniuliza zaidi juu ya mistari hiyo miwili kuliko shahada yangu. Yule mzee hakusoma sana. Alisema tu alichokiona.

Kuna upande mwingine ambao lazima niuseme kama mwanamke. Mabinti wa hoteli wanaandikiwa usiku, humohumo kwenye mtandao wa kazi, na wanaume wanaoamua nani ataitwa msimu ukirudi. "Mbona umenyamaza mrembo?" Binti hawezi kukataa mwaliko wa supavaiza huyo bila kuhofia jina lake kurukwa kwenye orodha ya zamu. Hapa nimeona mwenzangu akiuacha mwaliko wa bosi wake ukae hivyohivyo bila kujibiwa, na kesho yake wakafanya mkutano kama kawaida. Hilo nalihusudu kwa dhati, na ningependa lifike Malindi kabla ya mengine yote ya Ulaya.

Mpaka lifike, dada zangu, yapo mnayoweza kufanya kimyakimya. Ukimwondoa mtu kwenye orodha yako, LinkedIn haimpelekei taarifa. Ukiona kumwondoa kutaleta maneno, acha tu kumfuata: mtabaki mmeunganishwa ila machapisho yake hayatakujia tena. Orodha ya watu wako unaweza kuificha kwenye mipangilio wasiione, isipokuwa wale mnaowajua wote wawili. Akivuka mipaka, mfungie na umripoti, na picha ya ujumbe wake uihifadhi.

Na mnaotafuta kazi mkiwa bado kazini, ile alama ya kijani kwenye picha, ya kuonyesha unatafuta kazi, inaonekana na kila mtu, bosi wako naye akiwemo. Iache, uchague nia yako ionwe na maajenti wa ajira pekee. LinkedIn hujitahidi kuwaficha maajenti wa ajira wa kampuni yako mwenyewe, lakini yenyewe inasema haiwezi kuhakikisha hilo. Na kwa Malindi, ambako meneja wa hoteli hii ni shemeji wa meneja wa ile, usitegemee siri hiyo hata kidogo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakuu wa idara: wapishi wakuu, wasimamizi wa mapokezi, watunza stoo. Sheria haiwalazimishi kuwaandikia watu wenu, na wenye hoteli wengi hawatafanya zaidi ya cheti. Ninyi mnaweza. Kabla hamjafunga kwa masika, mchukue kila mmoja aliyefanya kazi vyema mkamwandikie mistari miwili ya kweli: nani alishika jiko peke yake Krismasi, nani alibaki na mgeni mgonjwa mpaka daktari akafika. Ni kazi ya muda wa kunywa chai, na mtu anaweza kuajiriwa nayo Zanzibar kabla hamjafungua tena.