Vikope Kongwa: kidonge kimefika, maji bado

Bibi aliyenipokea alikuwa na kibano kidogo cha bati, amekifunga kwa uzi, kinaning'inia shingoni kama ufunguo wa sanduku. Kila baada ya siku mbili tatu humwita mjukuu wake wa darasa la tano, wakakaa juani mlangoni, na mtoto akamng'oa kope moja moja. "Zikiota tena zinanichoma kama mchanga," aliniambia. Hapo ni wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, mwendo wa bodaboda kutoka mji mdogo wa Kibaigwa. Ulikuwa mwezi wa kumi, korongo limekauka, watu wamechimba mashimo kwenye mchanga wake kutafuta maji.

Kope za bibi zimegeukia ndani. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya vikope, ugonjwa ambao wataalamu wanauita trakoma. Huanza utotoni, kwa bakteria anayehama kwa vidole, kwa khanga ya kufutia makamasi na kwa inzi wanaotua kwenye tongotongo. Ukiupata mara moja unapona. Ukiupata tena na tena, miaka nenda miaka rudi, kigubiko cha juu cha jicho kinajaa makovu kwa ndani, kinajikunja, na kope zinakwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Mwisho wake ni upofu. Wanawake, ambao ndio wanaoshinda na watoto, hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume.

Vikope vimo katika kundi ambalo Wizara ya Afya inaliita magonjwa yasiyopewa kipaumbele, pamoja na matende na mabusha, usubi, kichocho na minyoo ya tumbo. Jina lenyewe linachekesha kidogo ukiwa Kongwa, kwa sababu kama kuna ugonjwa uliopewa kipaumbele na watafiti hapa ni huu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, wamepima macho ya watoto wa vijiji hivi, wakahesabu inzi usoni na kupima umbali wa kwenda kuchota maji. Sehemu kubwa ya kinachofundishwa duniani leo kuhusu vikope imetoka katika vumbi la Kongwa. Na bado wilaya hii ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa umegoma kuondoka, wakati wilaya nyingi nchini zimeshaacha kugawa dawa kwa sababu hazihitaji tena.

Hapo ndipo penye ubishi. Shirika la Afya Duniani lina mkakati wa mambo manne: upasuaji wa kope zilizogeuka, antibiotiki kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira bora, yaani maji na vyoo. Kwa maandishi ni kigoda cha miguu minne. Ukienda kijijini unakuta mguu mmoja umenenepa, ule wa dawa, na mingine inasuasua. Wapo wanaosema ndivyo inavyopaswa kuwa, fedha ziende kwenye kinachofanya kazi. Wapo wanaosema tunazima moto kwa kupepea moshi.

Nianze na wa dawa, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Azithromaisini, ndiyo antibiotiki yenyewe, hutolewa bure na kampuni ya dawa ya Pfizer kupitia mpango ulioanza mwaka 1998, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kuipokea. Siku ya kingatiba, yaani kugawa dawa kwa jamii nzima, mgawa dawa wa jamii anakuja na kijiti cha kupimia urefu. Mtoto anasimama, kijiti kinasema vidonge vingapi au sirapu kiasi gani, biashara imekwisha. Vichanga wa chini ya miezi sita wanapakwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Hakuna sindano wala foleni ya hospitali. Na matokeo yapo. Katika kitongoji kimoja cha Rombo, mkoani Kilimanjaro, chenye wakazi karibu 1,000, watafiti waligawa dawa mara moja na kuwafikia karibu watu wote. Waliokuwa na maambukizi walikuwa 9.5% kabla ya dawa. Miaka miwili baadaye walikuwa 0.1%, ingawa ni haki kuongeza kwamba waliokutwa na dalili katikati ya safari waliendelea kupewa mafuta ya macho. Majirani zetu Malawi, nchi ambayo si tajiri kuliko sisi, walithibitishwa mwaka 2022 kuwa wametokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii.

Kuna na la ziada. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Niger, Malawi na hapa kwetu Kilosa, uliwapa watoto wa chini ya miaka mitano azithromaisini mara mbili kwa mwaka. Ukijumlisha nchi zote tatu, vifo vya watoto vilipungua kwa 13.5%. Faida kubwa ilikuwa Niger. Kilosa tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kusema lolote kwa uhakika. Lakini mzazi yeyote akisikia hivyo atauliza dawa inaletwa lini.

Sasa turudi Kongwa. Kijiji kimoja hapa kilipewa dawa ileile iliyoleta matokeo Rombo. Tofauti ni kwamba walioanza na maambukizi walikuwa zaidi ya nusu ya kijiji. Maambukizi yalishuka sana miezi michache ya kwanza, halafu kabla miaka miwili haijatimia yakawa yanapanda tena. Wakasema labda tunawafikia watu wachache. Ukafanyika utafiti mwingine katika jamii 32 za Kongwa, nyingine zikilenga kufikisha dawa kwa watoto 80% hadi 90%, nyingine zaidi ya 90%. Haikuonekana tofauti ya maana. Ukweli huo unawauma wanaoamini kwamba kinachokosekana ni bidii ya mgawa dawa tu. Tena, humuhumu Kongwa ilionekana kwamba baada ya ugawaji, vijidudu vya nimonia vinavyokaa puani mwa watoto vinaanza kuizoea dawa. Usugu huo hupungua muda ukipita bila dawa, lakini ukigawa kila mwaka kwa miaka mingi, au mara mbili kwa mwaka kama inavyopendekezwa sasa kwa maeneo sugu, hilo si jambo la kulifumbia macho.

Upande wa maji nao una ushahidi wake, na sehemu yake bora ilitoka hapahapa. Mwaka 1995 Sheila West, mtafiti wa Johns Hopkins, na wenzake walichapisha matokeo ya vijiji sita vya Kongwa. Vyote vilipewa mafuta ya macho, na vitatu vikaongezewa kampeni nzito ya kuosha watoto uso: mikutano, michezo, mazungumzo na wazee. Katika vijiji hivyo vitatu nyuso safi ziliongezeka na vikope vikali vilipungua. Ila ukihesabu vikope vyote, vikali na visivyo vikali, tofauti haikutosha kusema si bahati nasibu.

Kabla ya hapo walikuwa wamegundua jambo ambalo mimi nalipenda kuliko takwimu zote. Kina mama waliamini kuosha uso wa mtoto kunakula maji mengi, kumbe sivyo. Nilijaribu mwenyewe nyumbani, Dodoma mjini, na watoto wa majirani waliokuja kutazama katuni. Nilitoboa kopo la lita moja nikalining'iniza kama kibuyu chirizi, wakapita mmoja mmoja. Walipita 14 na maji yakabaki. Nikajiona nimeshinda ubishi. Nilipomsimulia mama mmoja kule kijijini alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Baba, asubuhi nitamwosha. Na jioni ng'ombe wakirudi na vumbi lao? Na kesho? Dumu moja nanunua shilingi mia tano." Watafiti wenyewe waliandika kwamba kwa Wagogo uamuzi kuhusu maji ya nyumbani haukuwa wa mama peke yake, mume na jamii nzima wana kauli. Kumfundisha mama peke yake usafi ni kumpa mzigo bila kumpa kamba.

Ila wanaoshabikia maji nao wana pigo lao. Nchini Ethiopia, mkoa wa Amhara, jamii 40 ziligawanywa: nusu wakajengewa vyanzo vya maji na kupewa elimu ya usafi na vyoo, nusu wakasubiri. Baada ya miaka mitatu, matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha kwamba maambukizi ya macho kwa watoto hayakutofautiana. Aliyeusoma utafiti huo hawezi tena kusimama jukwaani akasema lete bomba, vikope vitaondoka vyenyewe.

Wengine wameuchukua kama hukumu: basi maji hayana kazi, tuongeze vidonge. Hapo ndipo ninapoachana nao. Ulaya na Marekani vikope viliondoka sehemu kubwa kabla antibiotiki hazijaingia sokoni, watu walipopata nyumba zisizobanana, maji ndani na vyoo. Hakuna ajuaye ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi, na kilichukua vizazi. Utafiti unapimwa kwa miaka mitatu kwa sababu fedha za utafiti ndizo zinazodumu miaka mitatu. Kidonge kinaingia vizuri kwenye kipimo hicho, kwani kazi yake inaonekana ndani ya miezi miwili. Bomba haliingii. Inzi anayeleta vikope huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Ili apungue lazima kaya karibu zote zitumie choo, si zile zilizohudhuria semina.

Na tujiulize ni lini maji yaligeuka kuwa dawa inayopaswa kujieleza mbele ya vikope ndipo yaletwe. Mama wa dumu la mia tano anayahitaji hata kama Kongwa isingekuwa na mgonjwa hata mmoja wa macho. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa kulima karanga za kulisha Uingereza. Mvua ikagoma, na kufikia 1951 mradi ukafa. Wilaya hii imezoea wageni wenye mipango mizuri wanaochelewa kuuliza habari ya mvua.

Hayo yote hayanifanyi niseme kingatiba isimame. Ikisimama leo Kongwa, watoto ndio watakaolipa. Lakini dawa kuwa bure haimaanishi kwamba kuigawa ni bure: kuna mafuta ya pikipiki, mafunzo, posho ya wagawa dawa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hizo nchini ilibebwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, na mwanzoni mwa 2025 mkono huo ukakatwa ghafla. Anayetetea vidonge peke yake ana deni la kutueleza nani atalipia mafuta ya pikipiki mwaka wa kumi na tano.

Ningeomba pia utafiti ujao usianzie na swali la dawa mara ngapi. Uanzie kwa wale ambao jibu limewapita. Bibi wa kibano ameambiwa mara mbili aende kufanyiwa upasuaji mdogo wa kope, nao ni bure. Hajaenda. Utafiti wa miaka ya 1990 hapa Kongwa ulikuta hivyohivyo, wanawake wengi walioelekezwa hawakufika. Nilimuuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nikirudi nimefungwa jicho, nani atashuka korongoni? Hawa?" Akaonyesha wajukuu watatu, mkubwa wao ndiye mng'oa kope.

Dawa lakini hakosi. Kila kingatiba jina lake linawekwa tiki kwenye daftari. Mara ya mwisho, alisema, kijana wa dawa alimkuta hana maji ndani hata kikombe. Akampa vidonge mkononi, akarudi kwenye pikipiki kufungua dumu lake. Maji ya kumezea alikuwa amekuja nayo kutoka Kibaigwa.